Kibali cha kukarabati nyumba kisimfungie nje mwenye nyumba bila ardhi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wakaazi wa Mombasa wanalijua kwa mazoea, lakini ambalo taratibu zetu za ujenzi zimeandikwa kana kwamba halipo: ni nani anayestahili kuomba kibali cha kukarabati nyumba pale ambapo nyumba ni ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine.

Kilichonisukuma kuandika ni ukuta. Nyumba aliyoiacha marehemu baba yangu, ambamo mama yangu angali anaishi, iko Majengo, nayo ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi katikati unaotoka barazani hadi uani, na jiko na choo huko nyuma. Ilijengwa kwa boriti, fito na udongo, ikakandikwa, ikapakwa chokaa, na baadaye, watu walipoanza kuiona saruji kuwa dawa ya kila kitu, ikapigwa lipu ya saruji. Lipu hiyo iliuziba udongo usipumue, na maji ya mvua yanayopenya kutoka juu yakakosa pa kutokea. Mchwa nao wakapata makao. Masika yaliyopita kiambaza (ukuta wa fito na udongo) cha chumba cha pili upande wa kusini kilifanya tumbo, na hadi leo ukisimama ukumbini ukakibonyeza kwa kiganja utausikia udongo ukimumunyuka ndani kama mchanga wa guniani. Fundi alipotoboa tundu atazame, alichomoa kipande cha boriti akakivunja kwa vidole viwili.

Ushauri wake ulikuwa mfupi. Kiambaza kile kiondolewe chote, uchimbwe msingi, ujengwe ukuta wa mawe mahali pale pale kwa kimo kile kile, na mtambaapanya uliooza, yaani boriti inayolala juu ya ukuta, ubadilishwe kabla makombamoyo, miti inayobeba paa, hayajateremka. Alisema ni kazi ya wiki mbili. Hakuna chumba kinachoongezwa, hakuna ghorofa, wala nyumba haisogei hata shubiri moja kuelekea kwa jirani. Kwa kuwa sikutaka kufanya mambo kwa kujificha, nilikwenda kuulizia kibali.

Karani niliyemkuta alikuwa mtu muungwana na sina lawama naye. Alinipa orodha ya vitu vinavyotakiwa: nakala ya hati ya ardhi, matokeo ya upekuzi wa sajili, stakabadhi za ada za ardhi, na michoro iliyotiwa muhuri na mtaalamu aliyesajiliwa. Nikamtolea nilichokuwa nacho, yaani hati ya mauziano ambayo babu yangu aliandikiana na aliyemuuzia nyumba mbele ya mashahidi, pamoja na vitabu vya risiti za kodi ya kiwanja, vingine wino wake umefifia hadi rangi ya chai. Akavifungua kimoja kimoja kwa adabu, kisha akaniambia, “Mzee, hizi zinaonyesha nyumba ni yenu. Mimi hapa naulizwa ardhi.”

Wasomaji wa bara huenda wakashangaa kusikia habari ya nyumba bila ardhi. Huku kwetu ni jambo la kila mtaa. Mwenye ardhi hukodisha kiwanja, mwenye nyumba akajenga kwa fedha zake na kuendelea kulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Nyumba anaweza kuiuza, kuipangisha au kuwaachia wanawe urithi, na anayeinunua anajua kuwa ananunua kuta na paa tu. Sheria ya Kiingereza tuliyoirithi inasema kuwa kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi, kwa hiyo mwenye ardhi ndiye mwenye nyumba. Desturi ya Mombasa haikukubali hivyo, na mahakama zetu zimewahi kuitambua desturi hiyo katika kesi za hapa. Mzizi wake ni wa zamani. Ukanda wa maili 10 wa pwani ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hata baada ya Waingereza kuuweka chini ya ulinzi wao mwaka 1895, na mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikaleta sheria ya hati za ardhi iliyowataka wenye madai wajitokeze na kuyathibitisha. Waliofaulu walipewa hati za umiliki wa milele, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Mji ulipopanuka nje ya Mji wa Kale na watu wakamiminika kutafuta kazi za bandari na reli, waliohitaji makaazi walikodi viwanja kwa wenye hati hizo na kujenga juu yake. Vitukuu vyao ndio sisi. Na vitukuu vya wenye hati, wengine wako hapa hapa kisiwani, wengine Unguja, wengine Maskati, na wengine Uingereza.

Ili ionekane jinsi aina ya umiliki inavyobadilisha safari ya kibali, mtu na afikirie ukuta huo huo mmoja ukiwa katika nyumba mbalimbali. Mwenye hati ya milele iliyo katika jina lake peke yake ana njia nyepesi kuliko wote: ataambatanisha nakala ya hati, atalipa ada, atamlipa mchoraji, na mashaka yake makubwa yatakuwa fedha na subira. Anayeishi katika ardhi aliyokodishwa na serikali kwa lisi, yaani mkataba wa ukodishaji, ya miaka 99 atatakiwa pia kutazama masharti yaliyoandikwa ndani ya lisi yenyewe, kwa kuwa nyumba iliyoruhusiwa kuwa ya makaazi haigeuzwi duka kwa kubomoa tu ukuta wa mbele na kutia mlango wa chuma. Na akiwa amebakiwa na miaka michache, benki na mafundi wa maana watamwuliza kwanza kama lisi itahuishwa.

Palipo na wenye nyumba wawili au zaidi, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inatofautisha umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambapo mmoja akifa sehemu yake huwaendea waliobaki, na umiliki wa hisa, ambapo kila mmoja ana fungu lake na warithi wake hulichukua. Watu wengi hutia saini bila kujua ni upi kati ya hiyo miwili walioandikiwa, mpaka siku wanapotaka kukarabati na kuambiwa saini ya mmoja haitoshi. Kwa wanaoishi katika fleti, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 imeweka wazi kuwa kuta za nje, paa, ngazi na mabomba makuu ni mali ya wote, na husimamiwa na shirika la wenye sehemu. Kwa hiyo anayetaka kuunganisha sebule na chumba cha kulala kwa kubomoa ukuta unaobeba uzito hana budi kuwapitia wenziwe kabla ya kufika kwenye dirisha la kaunti. Hili naona ni la haki kabisa. Ukuta wangu wa ghorofa ya pili ndio sakafu ya mwenzangu wa ya tatu.

Nyumba ya wakfu huhitaji ridhaa ya msimamizi wa wakfu, na nyumba iliyo ndani ya Mji wa Kale huhitaji pia ushauri wa ofisi ya uhifadhi, ambayo itatazama roshani, mlango wa nakshi na hata aina ya lipu. Wahifadhi husisitiza chokaa badala ya saruji, na baada ya kuona kilichotokea ndani ya kiambaza chetu nawaelewa zaidi kuliko zamani.

Lakini msiba mkubwa zaidi, ukiacha wetu, uko katika nyumba ambazo hati yake ingali katika jina la marehemu. Nyumba hizo ni nyingi mno. Babu alifariki, watoto wakaendelea kuishi, wajukuu wakazaliwa humo, na hakuna aliyekwenda mahakamani kwa sababu hapakuwa na ugomvi, na wengi wetu huona kwenda mahakamani bila ugomvi ni kutafuta ugomvi. Sasa paa linavuja. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini, na kuna adhabu yake, kwa hiyo ofisa wa kaunti hawezi kupokea maombi yaliyotiwa saini na mjukuu kwa niaba ya babu aliyezikwa miaka 40 iliyopita. Dawa yake inajulikana, nayo ni kuteuliwa msimamizi wa mirathi, ambaye ndiye atakayetia saini. Ni njia ndefu, na ina gharama, na huenda ikaamsha shangazi aliyeko mbali aliyekuwa amesahau fungu lake. Lakini njia ipo, na mtu akiifuata atafika.

Mwenye nyumba bila ardhi hana njia ya namna hiyo. Hakuna mahakama atakayoiendea ikampa hati ya ardhi asiyokuwa nayo. Hawezi hata kujisitiri kwa dai la kukaa muda mrefu, kwa kuwa kanuni ya miaka 12 katika sheria ya ukomo wa madai humfaa aliyekaa bila ruhusa ya mwenye ardhi, na sisi tumekaa kwa ruhusa, tena tumeilipia kila mwezi. Risiti zile zile zinazothibitisha kwamba nyumba ni yetu ndizo zinazothibitisha kwamba ardhi haitakuwa yetu kamwe. Kwa hiyo kinachobaki ni saini ya mwenye ardhi.

Nilimwendea wakala anayekusanya kodi kwa niaba ya familia yenye kiwanja. Hatukujuana jana wala juzi. Alikuwa akija kwetu tangu akiwa kijana, na mama humwekea kahawa. Aliusikiliza mkasa wote wa ukuta, akaniambia, “Mwalimu, rangi paka. Bati badilisha. Udongo kandika upya hata kesho, sina neno. Lakini jiwe usiweke.” Nikamwuliza kama ni yeye au ni wenyewe waliosema hivyo. Akajibu kuwa ni sharti la tangu zamani na kwamba hata wenyewe, walivyo wengi na walivyotawanyika, hawawezi kukubaliana nani atie saini kulitangua. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata upande wa pili wa kiwanja chetu kuna hati iliyo katika jina la marehemu.

Ni haki niseme kwa nini sharti hilo lipo, maana wenye ardhi nao wana hoja. Nyumba ya miti na udongo huhesabiwa kuwa ya muda. Mwenye ardhi anapotaka kiwanja chake, mwenye nyumba hung'oa mabati na boriti zake akaondoka, au hulipwa kitu kidogo. Ikishakuwa ya mawe, kuiondoa ni kuivunja, na suala la fidia huwa zito, na mahakama huenda ikaona kwamba aliyeruhusu jiwe liwekwe aliruhusu mtu akae milele. Basi kila jiwe, kwa macho ya mwenye ardhi, ni hatua moja ya kumpokonya. Sikubaliani na hitimisho hilo, lakini siwezi kusema ni woga usio na msingi. Na ndiyo maana nasema kosa liko katika utaratibu uliowaacha watu wawili wenye hofu wakabane koo wao kwa wao, wakati sheria ingeweza kuwaondolea hofu wote wawili.

Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019 inakataza uendelezaji wowote usio na idhini ya kaunti, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo ina vifungu vyema vya kumlinda mwombaji. Akikaa siku 60 bila kujibiwa kwa maandishi, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Na akikataliwa, ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya maridhiano ya kaunti. Lakini yote hayo ni kwa mwenye maombi yaliyopokelewa. Sisi ambao makaratasi yetu yanarudishwa dirishani, siku zetu 60 hazianzi kuhesabiwa, na hatuna uamuzi wa kuukatia rufaa, kwa sababu hatukukataliwa: hatukusikilizwa tu.

La kustaajabisha ni kwamba fomu zenyewe za maombi, tangu zile za sheria ya zamani ya mwaka 1996, hazikusema kuwa mwenye ardhi peke yake ndiye awezaye kuomba. Zinauliza: ikiwa mwombaji si mwenye ardhi, ana haki gani katika ardhi hiyo, na je, amepata ridhaa ya mwenyewe? Maana yake waliotunga walijua kuwa kuna wapangaji, wanunuzi ambao bado hawajahamishiwa hati, na wengineo. Kilichokosekana ni jibu la swali linalofuata: ridhaa ikikataliwa bila sababu, au mwenye kuitoa asipopatikana, au wenye kuitoa wakiwa ni warithi 30 wasiosemezana, mwombaji afanye nini? Hapo fomu imenyamaza. Sheria hiyo ya 1996 pia iliacha nje ya maana ya uendelezaji marekebisho na nyongeza zisizozidi asilimia 10 ya eneo la sakafu ya nyumba. Mwenye kuitunga alielewa kuwa kuziba ufa na kujenga ghorofa si jambo moja.

Kuna fundo jingine ambalo halitajwi sana. Maombi hutakiwa kuambatana na uthibitisho kuwa ada za ardhi zimelipwa. Ada hizo hutozwa juu ya thamani ya ardhi, nazo ni deni la mwenye ardhi. Mwenye ardhi asipolipa kwa miaka 15, deni likapanda na riba juu yake, mwenye nyumba asiyedaiwa hata senti moja atazuiwa kutengeneza paa lake kwa sababu ya deni la mtu mwingine. Nimesikia watu wakichangishana mtaani walipe deni hilo, ili tu wapate karatasi ya kuambatanisha. Wanalipa kodi ya kiwanja kwa mwenye kiwanja, kisha wanamlipia na ada za kiwanja chake, na bado saini wanainyenyekea.

Matokeo yake yanaonekana na kila aliye na macho. Watu hujenga kwa siri. Njia inayojulikana zaidi mitaani kwetu ni kuinua ukuta wa mawe ndani ya chumba, umepakana na kiambaza cha udongo kilichobaki kimesimama nje kama pazia; mawe huingizwa machache machache kwa mkokoteni baada ya sala ya isha, na kazi hushika kasi Ijumaa jioni mpaka Jumapili, wakati ofisi zimefungwa. Siku ukuta wa ndani ukifika kwenye paa, kile cha nje huangushwa usiku mmoja, na asubuhi mtaa huamka ukaikuta nyumba imevaa nguo mpya. Wengine husifu werevu huo. Mimi unanitisha, kwa sababu ukuta uliojengwa hivyo mara nyingi hauna msingi wa maana; fundi hawezi kuchimba mtaro wa kutosha bila kukiangusha kiambaza kilicho ubavuni pake, basi hupanga mawe juu ya sakafu. Hakuna mhandisi aliyeutazama, wala mkaguzi aliyepita. Akipita askari wa kaunti katikati ya kazi, alama nyekundu ya X huchorwa ukutani, na nimeona nyumba zenye alama hiyo zikikaa miaka mingi ukuta ukiwa nusu, maturubai yamefunika nusu ya pili, kwa kuwa mwenyewe hathubutu kuendelea na hawezi kurudi nyuma.

Nisieleweke kuwa napinga vibali. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, wakafa watu wapatao 50, na likathibitika kuwa halikuwa na idhini. Zanzibar nako, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, wakafariki watu wawili, ingawa hilo lilikuwa jengo la serikali lenye wataalamu na mradi unaojulikana. Ukuta wa kale una hatari hata mikononi mwa anayejua. Nataka mkaguzi aje kwetu. Nataka mhandisi aniambie kama fundi wangu amesema kweli kuhusu kina cha msingi. Utaratibu uliopo unamzuia mkaguzi asije, kwa kuwa haji mahali ambapo hakuna maombi.

Ninachopendekeza, Mhariri, hakihitaji kupindua sheria ya ardhi. Kaunti za pwani zina mamlaka ya kutunga sheria na kanuni zao za udhibiti wa ujenzi. Zitenganishe, kwanza kabisa, ukarabati wa usalama na upanuzi. Anayerudisha ukuta, paa, msingi au choo mahali pake bila kuongeza eneo wala kimo asihesabiwe sawa na anayejenga jengo jipya, na asitakiwe kuleta hati ya ardhi. Atosheke kuthibitisha kuwa nyumba ni yake kwa hati ya mauziano, hati ya urithi au risiti za kodi ya kiwanja kwa muda utakaowekwa. Ofisi ya kaunti ndiyo impelekee mwenye ardhi taarifa, kwa anwani iliyo kwenye sajili na kwa wakala anayepokea kodi, naye apewe siku 30 za kutoa pingamizi lenye sababu. Akinyamaza, ukimya wake usiwe kifungo cha mwingine. Akipinga, wote wawili wakasikilizwe na kamati ile ile ambayo sheria imekwisha kuiunda. Na deni la ada za ardhi lidaiwe kwa mwenye deni.

Kwa upande wa mwenye ardhi, kibali chenyewe kiandikwe, tena kwa herufi kubwa, kuwa hakimpi mwenye nyumba haki yoyote mpya juu ya kiwanja, wala hakiongezi fidia atakayodai siku ya kuondoka. Mimi ningekitia saini leo hii. Najua baadhi ya majirani watasema nimeuza haki yao kwa bei rahisi, kwa kuwa wanaamini kuwa siku moja serikali itainunua ardhi hii na kutugawia hati, kama ilivyofanya Likoni katika shamba la Waitiki lenye ekari 930, ambako hati zilianza kutolewa Januari 2016. Inshallah. Lakini shamba lile lilikuwa moja na mwenyewe alikuwa mmoja, na hata hivyo mgogoro wake ulichukua miaka mingi. Majengo ni viwanja vidogo vidogo vya familia nyingi, na kiambaza cha mama yangu hakina miaka hiyo.

Wengine husema tuige Tanzania, ambako Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilianzisha leseni ya makazi kwa wanaoishi mijini katika maeneo yasiyopimwa, ili mtu awe na karatasi inayotambua makaazi yake hata kabla ya kupata hati kamili. Wazo ni zuri, ila tukumbuke kuwa huko ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, kwa hiyo serikali inapotoa leseni haimgusi mwenye ardhi binafsi. Kwetu yupo, na hati yake inalindwa na Katiba. Ndiyo maana naomba kitu kidogo kuliko leseni: karatasi inayosema kuwa nyumba hii ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe ameruhusiwa kuizuia isianguke.

Kwa sasa tumekiegemeza kiambaza kwa miega miwili ya mkoko, na chumba kile kimehamwa. Mama amehamishia kitanda chake chumba cha mbele, karibu na baraza, ingawa analalamika kwamba kelele za bodaboda hazimpi usingizi. Wakala alikuja mwanzo wa mwezi, akainama kupita chini ya mwega uliokingama ukumbini, akanywa kahawa yake, akaandika risiti.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Mombasa